Chipu za RS-485 zinaungua kila mvua zikianza, kapla ya sumaku ndiyo dawa kweli? (Kigoma)

#1 Fundi_Kibirizi
Wakuu salama? Niende moja kwa moja. Nahudumia mradi mdogo wa maji huku Kigoma, pampu iko ufukweni kabisa, tenki liko juu kilimani, na katikati kuna kebo ya data kama mita 850 tumeizika. Chini kuna PLC (kompyuta ndogo inayoendesha pampu), juu kuna kisanduku kinachosoma kina cha maji kwenye tenki, hicho kinatumia sola. Wanaongea lugha ya Modbus juu ya laini ya data ya RS-485, spidi 9600 tu, hakuna makuu. Kiangazi chote laini inatulia kama maji ya mtungini. Mvua zikianza tu Novemba ni kilio, nimeshabadilisha MAX485 (chipu ya kutuma na kupokea data kwenye laini) nne, mbili chini mbili juu.

Mwezi wa kwanza nikashauriwa niweke chipu zinazotenganisha umeme kwa sumaku humo humo ndani, nikaagiza ADM2483 mbili na vile vidude vya B0505S vya kulisha upande wa laini. Moja nikafunga chini kwenye pampu, nyingine nikaweka akiba. Imedumu wiki tatu. Jumamosi nafungua nakuta upande wa laini umepasuka juu kama karanga iliyozidi moto, ila PLC nzima, nimeibandika MAX485 inaongea vizuri tu.

Sasa naomba kujua, hii kapla, yaani chipu ya kutenganisha, imefanya kazi yake au imeshindwa? Mwenye mradi ananiambia nimemlia hela, maana ya elfu tatu ilikuwa inakufa na ya elfu thelathini na tano nayo imekufa.

#2 Mwanga_Sokoni
Radi hiyo. Hakuna cha kujadili.

#3 kasulu255
Pole mkuu. Nakaa hapa nafuatilia. Mimi nina laini ya mita 400 kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mawese, mwaka wa tatu huu sijaunguza hata moja na hiyo kapla ya sumaku siijui. Sasa sijui ni bahati au nyie mnakosea wapi.

#4 Dada_Saketi
Niko Tabora, kazi yangu ni hizi hizi. Kaka hiyo chipu haijashindwa. Umeme umefika mlangoni, umeua mbwa, ndani haukuingia.

Ndani ya ADM2483 kuna koili ndogo sana mbili mbili zimelaliana, katikati kuna utando wa plastiki ya polimaidi, unene kama maikroni 20. PLC ikituma data, koili ya kwanza inapigwa mapigo mafupi ya umeme, sumaku inavuka utando, koili ya pili inaamka. Ni ile ile kanuni aliyoionyesha Faraday mwaka 1831, koili mbili zisizogusana, imefinyangwa tu ikaingia kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Kinachovuka ni sumaku, umeme wenyewe hauna njia. Datashiti inasema utando unavumilia volti 2,500 kwa dakika moja. Lakini ona, inayovumilia ni ile NAFASI KATI ya pande mbili. Upande wa laini wenyewe, pale kwenye waya mbili za data A na B, ni RS-485 ya kawaida kama MAX485 yako, nao unakufa vile vile ukipigwa. Kwa hiyo ulichonunua ni uzima wa PLC. PLC yako shilingi ngapi? Mwambie mwenye mradi apige hesabu hapo.

#5 MnyamweziHalisi
Mwangaluka. Namuunga mkono dada hapo #4 ila kuna kitu mnaruka. RS-485 tangu izaliwe 1979 imewekewa mipaka, waya A na B zote mbili kwa pamoja zisipande zaidi ya volti 12 wala kushuka chini ya minus 7 ukipima kutoka graundi ya hiyo chipu. Tofauti kati ya A na B ndiyo data, lakini zikielea zote mbili pamoja zikapita hapo chipu inaumia hata kama hakuna radi wala wingu. Sasa nondo ya ethi (chuma kilichozikwa ardhini) ya ziwani na nondo ya ethi ya kilimani, mita 850, nani amesema zina volti sawa?

#6 NzegaDigito
Sahihisho dogo kwa #5, ya 1979 ni Modbus. RS-485 ilitoka 1983. Mengine uko sawa.

#7 MnyamweziHalisi
Kweli, nimechanganya. Asante.

#8 Mzee_wa_Ethi
Vijana mnabishana bila kipimo. Nimezika ethi miaka mingi Tabora na Kigoma, na kila nikiitwa kwenye laini ya data inayoungua kitu cha kwanza sifungui chipu, napima ardhi. Fundi fanya hivi. Nenda kilimani, chomoa kebo yote kwenye kisanduku. Ndani ya kebo una waya wa tatu wa graundi, huo chini umefungwa kwenye ethi ya pampu, si ndiyo? Weka ncha nyekundu ya multimita kwenye waya huo, nyeusi kwenye nondo ya ethi ya hapo juu, weka AC. Pima pampu ikiwa imezima, halafu piga simu chini waiwashe, pima tena. Uje hapa na namba mbili.

#9 Fundi_Kibirizi
Shkamoo mzee. Waya wa tatu upo ndiyo na chini umefungwa kwenye ethi. Kesho asubuhi napanda.

#10 TumbakuUrambo
Wakati tunasubiri namba, mimi naomba niulize hivi kwa nini msitumie optokapla tu? Zinapatikana kila kona, ile ya taa ya LED ndani na jicho upande wa pili. Nimefunga PC817 kwenye mabani ya kukaushia tumbaku tangu 2019, za joto na unyevu, zinaenda.

#11 Dada_Saketi
@TumbakuUrambo zinaenda kwa sababu data yako inatembea polepole. PC817 ni mvivu, kwa 9600 unaweza kubahatisha, ukipandisha 115200 kingo za mapigo ya data zinaanza kulala. Ukitaka opto ya haraka unaenda 6N137, megabiti 10 kwa sekunde. Sasa kuna viwanda vinaendesha Profibus ya megabiti 12, huko ndiko hizi za sumaku zilikopatia jina.

Na jambo lingine ambalo kwako ni kubwa kuliko spidi, ile LED ndani ya opto inazeeka. Mwanga unafifia mwaka hadi mwaka, na joto linaharakisha. Mabani yako yana joto kiasi gani karibu na kisanduku? Siku moja itaanza kukosa kosa data mchana tu, usiku inapona, utahangaika na programu wiki nzima kumbe taa imechoka. Koili haina taa ya kufifia.

#12 TumbakuUrambo
Aisee hilo la mchana kukosa na usiku kupona linanitokea bani namba tatu sasa hivi tunavyoongea. Nilidhani ni kebo.

#13 Mwanga_Sokoni
Mimi bado niko kwenye radi. Watu wa Tabora hamjui ngurumo za ziwa letu, kaeni na tumbaku yenu. Kuna utafiti wa satelaiti ulitoka 2016, sehemu inayopigwa na radi kuliko zote Afrika ni Kabare, Kongo, huko huko kaskazini ya ziwa Tanganyika. Dunia nzima Kabare ni ya pili, inazidiwa na ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Sasa fundi kazika kebo mita 850 kutoka majini hadi kilimani. Huo ni mtego wa radi.

#14 NzegaDigito
Kabare iko Kivu huko mkuu, usitubebeshe mvua ya Kongo. Ila hoja ya radi nakubali, na hapo ndipo mimi natofautiana na Dada_Saketi. Tupige hesabu. Radi ya ampia 10,000, na hiyo ni ndogo tu, ikishuka kwenye ethi ya ohmu 10 inainua ardhi ya hapo kwa volti 100,000. Utando wa volti 2,500 utafanya nini mbele ya hiyo? Kama ni radi imepiga jirani, basi PLC kupona ni jambo la Mungu, kapla haina sifa. Kwenye radi unahitaji kimrija cha gesi mlangoni, halafu rezista ndogo ndogo, halafu dayodi ya TVS (inayobana volti zinazoruka ghafla), zile za SM712 zimetengenezwa kabisa kwa mipaka ya minus 7 na 12 aliyotaja #5. Kapla inakuja nyuma ya hizo zote. Ukiiweka peke yake umeweka mlango wa chuma kwenye ukuta wa nyasi.

#15 Fundi_Kibirizi
Nimerudi kutoka mlimani. Mzee, namba hizi hapa.

Pampu imezima: volti 6 na kitu.
Pampu inafanya kazi: volti 19, inacheza 18 hadi 20.

Nimerudia mara tatu. Nilikuwa nimechuchumaa pale kwenye majani, simu sikioni, namwambia mwendesha pampu washa, namba inaruka. Zima, inashuka. Nilipata hofu kidogo kwa kweli.

Halafu kuna kitu cha pili, nimekaa na yule mwendesha pampu tukafungua daftari lake. Chipu ya sumaku ilikufa Alhamisi saa tisa alasiri. Kaandika kwa mkono wake "tenki halionekani". Na siku hiyo ilikuwa JUA KALI. Umeme ulikatika, akawasha jenereta, mawasiliano yakakatika hapo hapo.

#16 Mwanga_Sokoni
Chipu inaweza kujeruhiwa na radi Jumatatu ikafa Alhamisi. Hilo nalo lipo.

#17 MnyamweziHalisi
Haya sasa 19 volti! Na hiyo ni AC, multimita inakupa thamani yake ya RMS, ambayo sio kilele, kilele ni mara 1.4, kwa hiyo laini inapanda na kushuka volti 27 hivi kila pampu ikiwaka. Mpaka ni 12. MAX485 nne zimekufa kwa sababu hii, wala sihitaji wingu. Na pampu inafanya kazi zaidi lini? Hapo mimi nakosa jibu, maana mvua zikija watu wanakinga mabati na pampu inapumzika.

#18 Mzee_wa_Ethi
Kuna kitu kinavuja upande wa pampu, ama mota ama nyutro ya jenereta. Na ethi ya mlimani ni mbovu, mlima ule ni mawe. Wakati wa mvua ardhi ya chini inalowa inashika vizuri, ya juu ya mawe haibadiliki sana, tofauti inakua. Hiyo ndiyo mvua yako, sio radi. Ongeza nondo mbili juu, zitandaze, uziunganishe.

#19 Uvinza_Chumvi
Wengine huku tunachimba shimo, tunaweka mkaa na chumvi kuzunguka nondo, ohmu zinashuka siku hiyo hiyo. Chumvi karibuni Uvinza mchote, ipo tangu enzi za mababu.

#20 Mzee_wa_Ethi
Na baada ya miaka michache unachimba kuangalia nondo unakuta uzi. Chumvi inakula chuma mdogo wangu. Mkaa weka, chumvi acha watu wapikie migebuka.

#21 Dada_Saketi
Subirini kidogo kabla hamjazika nondo. Kaka Fundi, hiyo multimita ya kisasa ina ukinzani mkubwa mno, megaohmu kama 10, inaokota hata volti za mzimu zinazorushwa na kebo ya mota bila kugusana. Kebo yako ya data na ya mota ziko mtaro mmoja sehemu yoyote? Chukua rezista ya kiloohmu 1, ifunge sambamba na ncha za mita, pima tena. Kama ni umeme wa kweli wa ardhi 19 itabaki karibu na 19. Kama ni mzimu itaanguka.

#22 Fundi_Kibirizi
Zipo mtaro mmoja mita kama 30 za mwanzo, kutoka kibanda cha pampu hadi geti. Rezista ninayo. Ila mlima ule dada, we acha tu. Kesho kutwa.

#23 Kijana_Ujiji
Naomba niseme la kwangu maana linaweza kumsaidia. Mwaka jana nilifunga kapla ya sumaku kwenye mashine ya barafu ya wavuvi, ikaungua, na PLC ikaungua nayo. Nikawa natukana chipu. Mwenzangu mmoja alipokuja kuangalia akanionyesha, kwenye bodi kuna GND1 na GND2 (graundi ya upande wa PLC na ya upande wa laini), mimi nilikuwa nimeziunga kwa kipande cha waya mweusi, urefu wa kidole hivi, nikaona graundi si ni graundi. Na volti 5 za pande zote mbili nilikuwa nazitoa sehemu moja. Yaani utando wa volti 2,500 nilikuwa nimeuzunguka kwa waya wa senti. Fundi fungua kisanduku uangalie kama hujafanya hivyo.

#24 NzegaDigito
Hii ndiyo posti bora ya uzi huu mpaka sasa. Na niongeze, B0505S zile za kawaida zinavumilia volti 1,000 tu, kwa hiyo hata ukifunga vizuri, ukuta wako wote ni 1,000, sio 2,500. Udhaifu unahesabiwa kwa kipande kilicho dhaifu.

#25 kasulu255
Jamani mbona kama nahitaji kwenda kuangalia ya kwangu sasa. Swali, hii sumaku ndani ya chipu, ukiiweka karibu na mota kubwa haichanganyikiwi? Mota si nayo sumaku tupu.

#26 Dada_Saketi
Swali zuri na watu wengi wanaliogopa. Koili hizo ni ndogo sana hivyo zinaokota kidogo sana, na zinasikia tu sumaku inayobadilika kwa kasi kubwa. Mota ya hezi 50 kwao ni kama konokono. Watengenezaji wa ADuM1201, ndugu yake na hii, wameandika hesabu kabisa, ili uivuruge ungehitaji ampia 500 zinazotetema megahezi 1, milimita 5 kutoka kwenye chipu. Hiyo hali ikiwepo kwenye paneli yako, chipu ni tatizo dogo.

Na laini ikikaa kimya muda mrefu bila kubadilika, chipu inajitumia mapigo ya kukumbushana kwamba bado ni moja au bado ni sifuri. Upande wa pili usiposikia chochote kwa maikrosekunde kama 5 unajua mwenzake amekufa, unaenda kwenye hali ya usalama iliyopangwa.

#27 MnyamweziHalisi
Sio zote ni koili kwa koili dada. Kuna familia nyingine, koili moja juu na chini yake badala ya koili ya pili kuna tabaka nyembamba za chuma ambazo ukinzani wake unabadilika sumaku ikipita. Ile elimu iliyowapa Fert na Grünberg Nobeli ya fizikia 2007, waligundua 1988, ndiyo iliyokuja kuingia kwenye diski za kompyuta na baadaye kwenye hizi kapla.

#28 Dada_Saketi
Sahihi, zipo. Na zipo za kapasita pia, zinapitisha data kwa uwanja wa umeme kupitia kioo cha silika. Ila aliyoshika Fundi ni ya koili.

#29 Mwl_wa_Mtandao
Kwani kwa nini msivute Etheneti tu? Kila bandari ya Etheneti ina transfoma yake ndani tangu kiwandani, inavumilia volti 1,500. Kutenganisha kwa sumaku bure kabisa, hujaagiza chochote.

#30 NzegaDigito
Mita 100 ndio mwisho wake mwalimu, yeye ana 850. Na kuna mtego mwingine, ukivuta ile kebo yenye shildi (kava la chuma kuzunguka waya) na konekta za chuma, ukafunga shildi pande zote mbili, umeunganisha ardhi mbili kwa mlango wa nyuma, transfoma imebaki pambo.

#31 Mwl_wa_Mtandao
Basi faiba. Kioo hakipitishi umeme, na huo mjadala wote unakwisha.

#32 Mzee_wa_Ethi
Na panya wa mtaroni na jembe la mkulima akikata, nani Kigoma ataiunga usiku? Waya wa shaba naunga kwa meno.

#33 Mfanyabiashara_GU
Samahani kuingilia, mmeangalia kama chipu ni halali? Zile MAX485 za elfu tatu nyingi zimefutwa maandishi zikaandikwa upya. Chukua pamba, weka thina, sugua juu. Nimekutana nazo pakiti nzima, maandishi yametoka yote kwenye pamba, chini yake kuna jina lingine.

#34 Kijana_Ujiji
Na zile bodi ndogo za bluu za MAX485 kila moja inakuja na rezista ya ohmu 120 imeshachomelewa. Rezista hiyo inatakiwa iwe mbili tu, mwanzo na mwisho wa laini. Rafiki yangu alikuwa na bodi tano kwenye laini moja, 120 gawa kwa tano ni ohmu 24, wakati chipu zimepangwa zisukume 54. Zinapata moto hata bila radi. Fundi una vituo vingapi?

#35 Fundi_Kibirizi
Viwili tu, hapo niko salama. Wakuu nimerudi, nipeni dakika niandike vizuri maana nina mambo matatu na mkono unauma.

La kwanza, rezista ya kiloohmu. Pampu inafanya kazi, bila rezista 19. Na rezista, 5. Nimekaa nikaitazama ile 5 nikakosa la kusema.

La pili, thina. MAX485 moja iliyokufa maandishi yametoka yote kwenye pamba. Nyingine tatu hayajatoka. Ile ya sumaku haikutoka kitu.

La tatu ndilo limenikosesha usingizi. Nimefungua paneli ya chini nikiwa na tochi kichwani, nikafuata waya mmoja mmoja kwa kidole. GND1 na GND2 kwenye bodi sijaziunga, hapo niko safi. Lakini ule waya wa tatu wa kebo, ambao ni graundi ya upande wa laini, pamoja na shildi, vyote viwili vimekazwa kwenye skrubu moja ya ethi ya paneli. Shildi hiyo hiyo huko juu nayo imefungwa kwenye ethi ya tenki. Na graundi ya PLC, ile minus ya volti 24, nimefuata nikakuta nayo inaishia kwenye skrubu hiyo hiyo kupitia mwili wa paneli. Aliyejenga paneli sio mimi, ila ethi ya kebo nimefunga mimi.

#36 NzegaDigito
Basi hukuwa na kapla. Ulikuwa na chipu ya bei ghali. Pande zote mbili zilikuwa zinakutana kwenye skrubu.

#37 MnyamweziHalisi
Ndiyo maana ikafa! Upande wa laini ulikuwa umeshikwa na ardhi ya ziwani badala ya kuelea, ukabeba tofauti yote ya ardhi ya mlimani kifuani. Ungeachia uelee hizo volti 19 zisingekuwa na pa kusimamia.

#38 Dada_Saketi
Lakini kama pande zimekutana kwenye skrubu, PLC ilipona vipi? Ingepaswa kufa pamoja kama ya Kijana_Ujiji. Mimi bado naona utando ulisaidia, maana hata kama graundi zimekutana, umeme uliopasua A na B haukuwa na njia ya kupita kwenye waya wa data kuingia PLC. Graundi kukutana sio sawa na data kukutana.

Na hiyo 5. Kilele chake ni 7.07. Mpaka wa chini ni minus 7. Kaka yaani uko ukingoni kabisa, siwezi kukuambia ndiyo wala hapana. Sehemu kubwa ya zile 19 ilikuwa mzimu wa ile kebo ya mota mtaroni, ila mabaki yake sio mzimu.

#39 Draivu_Man
Nimesoma kuanzia #1. Hakuna aliyeuliza pampu inawashwa na nini. Ni draivu (kidhibiti cha elektroniki cha mota) au kontakta (swichi ya kuwasha na kuzima tu)?

#40 Fundi_Kibirizi
Draivu. Imefungwa mwezi wa tisa mwaka jana, kabla ilikuwa kontakta.

#41 Draivu_Man
Na chipu zimeanza kuungua Novemba. Haya. Draivu inakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kila mkato una ukingo mkali, na ukingo huo unarukia kebo ya jirani mtaroni hata mita 30 zinatosha sana. Multimita yako haioni hizo, unahitaji osiloskopu. Mvua na radi mmezipa sifa isiyo yao. Kabla ya draivu, yaani mwaka juzi wakati wa mvua, uliunguza ngapi?

#42 Fundi_Kibirizi
Mwaka juzi sikuwepo kwenye mradi huu. Aliyekuwepo amehamia Mpanda. Nitampigia.

#43 Mwanga_Sokoni
Na akisema waliunguza hata kabla ya draivu?

#44 Draivu_Man
Basi nitakaa kimya.

#45 kasulu255
Nimefungua ya kwangu leo. Shildi imefungwa upande mmoja tu, kebo ya mota ipo mtaro wake peke yake, na paneli ina mjusi amefariki kati ya breka mbili. Mjusi nimemtoa, mengine sijagusa.

#46 Fundi_Kibirizi
Nimempigia wa Mpanda. Anasema waliunguza "moja moja", hakumbuki ngapi, ila anakumbuka moja ilikufa usiku wa ngurumo nzito mpaka taa ya nyumba ya mlinzi ikapasuka.

Nilichofanya jana. Chini, waya wa tatu wa kebo nimeutoa kwenye skrubu ya ethi, sasa unaenda GND2 tu. Nimefunga ile ADM2483 ya akiba. Nimeweka SM712 pande zote mbili, vimrija vya gesi vimeagizwa Dar bado havijafika. Kebo ya mota sijaweza kuihamisha, mtaro ni mgumu na mwenye mradi hana hela mpaka mwezi ujao. Shildi nimekata upande mmoja.

Usiku ngurumo zilipiga, nikaamka saa nane nikaenda kibandani na mwavuli. Tenki linasoma mita 2 na sentimita 14, namba inabadilika vizuri kila sekunde tano. Ila mvua ilikuwa ng'ambo, mimulimuli yote niliiona upande wa Kongo, huku ilidondoka manyunyu tu.

#47 Mzee_wa_Ethi
Shildi umekata upande gani, tenki au ziwani?

#48 Fundi_Kibirizi
Tenki.

#49 Mzee_wa_Ethi
Mimi ningekata ziwani. Huko ndiko kuna draivu na jenereta, uchafu wote uko huko.

#50 Dada_Saketi
Hapana mzee, shildi inashikwa upande wenye ethi nzuri, na mwenyewe #18 ulisema ya mlimani ni mbovu. Kaka acha hivyo hivyo, vimrija vikifika tuambie.